Kuhamia Lisbon na kompyuta si kazi ya siku moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie habari zinazowahimiza watu wenye ajira za mtandaoni wahamie Ulaya na kufanyia kazi zao huko. Mimi ninaishi Lisbon, mji mkuu wa Ureno, huu ukiwa mwaka wangu wa pili, na ninaandika programu za kompyuta kwa kampuni iliyo nje ya bara hili. Sina nia ya kumkatisha tamaa mtu yeyote. Linalonikera ni kwamba habari hizo hutuonyesha mto Tagus na kikombe cha kahawa kando ya kompyuta, lakini kuhusu makaratasi hazisemi kitu.

Viza ya kawaida ya nchi za Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, humruhusu mgeni kukaa siku 90 tu katika kila kipindi cha siku 180. Anayetaka kukaa zaidi ya hapo na kufanya kazi kihalali huomba viza ya wafanyakazi wa mbali, maarufu kwa jina la D8, ambayo Ureno iliianzisha Oktoba 2022. Sharti lake kubwa ni kipato cha mwezi kisichopungua mara nne ya kima cha chini cha mshahara nchini humo. Mwaka 2025 kima hicho kilikuwa euro 870, kwa hiyo mwombaji alitakiwa athibitishe euro 3,480 kwa mwezi, kiasi ambacho Wareno wengi wenyewe hawakipati. Sishangai, basi, ninapokuta ukutani maandishi ya kutulaumu sisi wageni kwa kupandisha kodi za nyumba.

Kwenye nyumba ndiko nilikosota hasa. Ombi la viza hudai uthibitisho wa makazi, ilhali mwenye nyumba naye hataki kumsikiliza mtu asiye na namba ya mlipakodi, akaunti ya benki wala mdhamini. Wa kwanza niliyezungumza naye, mwenye vyumba viwili mtaa wa Arroios, alitaka mdhamini anayemiliki nyumba Ureno, na nilipomweleza kwamba simjui mtu hata mmoja nchini humo, akataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Nilikuja kupata chumba kwingine, nikakilipia kabla sijajua kama viza ingetoka. Ilipofika Januari niligundua kwamba nyumba nyingi za zamani hapa hazina mfumo wa kupasha joto: koti langu la sufu lilifanya kuvu ndani ya kabati, nami nikawa nahudhuria vikao vya kazi nimejifunika blanketi magotini, kamera nikiielekeza usoni tu.

Viza yenyewe hudumu miezi minne, na ndani ya muda huo mtu hutarajiwa kufika mbele ya AIMA, idara ya uhamiaji iliyoanza kazi Oktoba 2023, ili aombe kibali cha ukaazi. Idara hiyo ilirithi mlundikano wa maombi yapatayo 400,000, hivyo kungoja miadi ni sehemu ya maisha ya mgeni. Kuna pia kodi ya mapato, ambayo wengi huikumbuka wakiwa wamechelewa, kwani anayekaa Ureno zaidi ya siku 183 ndani ya miezi 12 huhesabiwa kuwa mkaazi kikodi, hata kama mshahara wake unalipwa kutoka nchi nyingine.

Ningeomba gazeti lako, litakapoandika tena juu ya jambo hili, liwaeleze wasomaji kwamba safari huanzia kwa mwajiri, maana pamoja na uthibitisho wa kipato mwombaji huonyesha mkataba au barua inayothibitisha ajira yake ya mbali. Barua yangu ilichukua miezi mitatu, kwa kuwa ofisini kwetu hakuna aliyewahi kuandika ya namna hiyo, na kila aliyepelekewa aliirudisha kwa mwingine.

Wako,
Msomaji, Lisbon