Barua kwa mwanangu aliyeingia karakana ya pamoja

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata, na picha za karakana nimezitazama moja baada ya nyingine. Nimefurahi kusikia umepokelewa na wafinyanzi wenzako badala ya kuhangaika peke yako uani. Ila jambo moja nataka ulijue mapema: pale magurudumu ni mengi na meza ni nyingi, lakini tanuri ni moja. Chungu chako kitakaa sentimita moja tu kutoka kwenye kazi ambayo mwenzako ameihangaikia mwezi mzima, na uzembe wako unaweza kuiharibu bila mkono wako kuigusa.

Tuanze na udongo. Karakana kama hiyo huwa na aina mbili au tatu, na zikishakauka ni vigumu kuzitofautisha. Udongo mwekundu wa kawaida, kama wa vyungu vya maua, unaiva kati ya nyuzi 1000 na 1100. Ule wa joto kali unaiva kwenye koni ya 6, yaani karibu nyuzi 1220. Koni ni kipande kidogo cha udongo chenye ncha, kinachowekwa tanurini na kuinama joto lake likifika. Ukiupeleka mwekundu huko, kwanza unavimba, kisha unalegea, mwisho unayeyuka na kutiririka hadi rafu ya chini juu ya kazi za watu. Kwa hiyo chora alama mbili kwenye kitako cha kila kazi ikiwa bado mbichi: moja yako, nyingine ya aina ya udongo. Usiandike kwa kalamu ya wino, kwa maana wino unaungua kwenye mchomo wa kwanza na alama inapotea.

Pipa la mabaki nalo ni la wote. Udongo unaokaushwa juu ya bamba la plasta usiukwangue kwa chuma. Tumia ubao au plastiki. Kipande cha plasta kama punje ya mchele kikiingia kwenye udongo, kikichomwa kinageuka chokaa, chokaa inavuta unyevu wa hewani, inavimba, na wiki kadhaa baadaye inabandua kipande ubavuni mwa bakuli. Wakati huo bakuli liko nyumbani kwa mteja, na jina lililo chini yake ni la mwenzako.

Utasikia watu wakisema chungu hupasuka tanurini kwa sababu ya hewa iliyobaki ndani. Kinachokipasua ni maji. Maji yakigeuka mvuke yanapanuka zaidi ya mara 1,600, na kama udongo ni mnene mvuke hauna pa kutokea kwa haraka. Kabla ya kupeleka kazi kwenye mchomo wa kwanza, iguse kwa shavu. Ikiwa baridi, bado ina maji, irudishe kwenye rafu. Tanuri lenyewe likae nyuzi 80 hadi 90 kwa saa mbili tatu, na kama kuna kazi yenye unene unaozidi sentimita moja, lilale hapo usiku kucha. Kuanzia hapo pandisha polepole mpaka uvuke nyuzi 573, ambapo chembe za kwatzi zilizomo kwenye udongo hubadilika umbo na kupanuka ghafla. Wakati wa kupoa hunywea papo hapo. Sahani pana hupata ufa hapo zaidi ya vyombo vingine.

Mchomo wa pili, wa glezi, yaani ule unga uliokorogwa kwa maji unaopakwa chombo na kuyeyuka kuwa kama kioo, ndio wenye ugomvi. Kwenye ule wa kwanza vyombo vinaweza kugusana na hata kupandana. Kwenye huu vikigusana vinashikana milele, na kutenganisha ni kwa nyundo. Acha nafasi ya upana wa kidole. Futa kitako chote kwa sponji yenye maji, na upande milimita 5 ubavuni bila glezi. Kama glezi ni ya kutiririka, acha sentimita nzima. Ukijaribu glezi mpya, weka chombo juu ya kisahani cha udongo uliokwisha kuchomwa, ili ikishuka iharibu kisahani na siyo rafu. Rafu zipakwe kinga ya kaolini, yaani udongo mweupe, na haidrati ya alumina, unga usioyeyuka kwa joto hilo, nusu kwa nusu kwa uzito, iliyokorogwa kwa maji hadi iwe na uzito wa maziwa ya mgando. Paka tabaka mbili nyembamba, juu tu. Ubavuni na chini usipake, kwa kuwa itapukutika ndani ya vyombo vilivyo rafu ya chini yake.

Kuna dhara moja ambalo wageni hawalijui hata kidogo. Glezi yenye kromu, ile kijani kibichi, hutoa mvuke kidogo kwenye joto kali, na mvuke huo ukikutana na glezi nyeupe yenye oksidi ya bati unaipaka rangi ya waridi upande mmoja. Aliyetengeneza birika jeupe atalikuta lina doa la waridi na hatajua limetoka wapi. Kwa hiyo ukipaka kijani cha kromu, mwambie anayepanga tanuri, naye aiweke mbali na nyeupe.

Gharama mgawane kwa ujazo, siyo kwa idadi ya vyombo: urefu mara upana mara kimo. Kikombe cha sentimita 8 kwa 8 kwa 10 kinachukua sentimita za ujazo 640. Mtungi wa 25 kwa 25 kwa 40 unachukua 25,000, na mwenye mtungi alipe kwa uwiano huo. Tanuri la kilowati 8 likiwaka saa 10 haliwezi kula zaidi ya uniti 80, kwa kawaida hupungua kwa kuwa nyaya zake huwaka na kuzima. Uniti za LUKU ziwepo zote kabla ya kuwasha. Umeme ukikatika njiani, usifungue mlango, ziba matundu yote, andika saa na nyuzi. Umeme ukirudi baada ya muda mfupi, endelea pale pale, na uamini koni kuliko kipimajoto, kwa sababu koni hupima joto pamoja na muda ambao udongo umekaa ndani ya joto hilo. Tanuri likiwa limeshuka chini ya nyuzi 600, panda tena polepole.

Halafu kufungua. Kila mtu anataka kuona kazi yake, na hapo ndipo karakana nzima hujaribiwa. Fungueni likiwa chini ya nyuzi 100. Atakayesihi mfungue likiwa na nyuzi 200, mkatalie kwa upole, hata kama ni mkubwa wako.

Usifagie sakafu ikiwa kavu. Vumbi la udongo lina silika, linaingia kwenye mapafu na halitoki. Futa kwa tambara au sponji yenye maji kila jioni, na unapopima unga wa glezi vaa barakoa ya N95 iliyokaza vizuri, siyo ya kitambaa.

Kuhusu swali lako kama ufiche glezi zako: hapana. Fomula ya 4-3-2-1, yaani feldispa 40, silika 30, unga wa jiwe la chokaa 20, kaolini 10, inajulikana kila pembe ya dunia kwa sababu watu waliigawa. Hiyo ni ya koni ya 10, yenye joto kali kuliko ya 6. Kwenye koni ya 6 haiyeyuki vizuri mpaka upate kiyeyushi chenye boroni. Ufinyanzi wa kisasa umejengwa na karakana zilizo wazi. Wafinyanzi Bernard Leach na Hamada Shoji walianzisha yao St Ives, Uingereza, mwaka 1920. Michael Cardew alijifunza kwao, kisha akaanzisha kituo cha kufundisha ufinyanzi Abuja, Nigeria, mji ambao leo unaitwa Suleja. Ladi Kwali alifika pale akiwa tayari fundi wa mitungi ya Kigwari aliyoijifunza kwa wanawake wa kwao, na mikononi mwake ndiko Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, alikojifunza miaka ya 1970 kufinyanga bila gurudumu. Kazi za Odundo, zilizosuguliwa hadi zing'ae na kuchomwa mara ya pili kwenye moshi ili ziwe nyeusi, leo ziko kwenye makumbusho makubwa. Mwenye kukupa fomula, andika jina lake pembeni ya fomula hiyo kwenye daftari lako, na ukiigawa, ligawe na jina.

Mchomo wako wa kwanza wa glezi omba uwe msaidizi wa kupanga tu. Weka koni 5, 6 na 7 kwenye kila rafu, kwa sababu chini mara nyingi huwa baridi kuliko juu. Ya 5 ilale kabisa, ya 6 iiname hadi ncha iguse, ya 7 ianze tu kupinda. Ukijibu barua hii, nichoree koni za kila rafu zilivyotoka, nikueleze pa kuweka vikombe vyako mara ijayo.

Mama yako