Uvimbe wa ubongo sio ugonjwa mmoja jamani

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme hili. Kila mkiandika habari ya mtu aliyekutwa na uvimbe kichwani mnaishia hapohapo, "uvimbe wa ubongo", halafu inafuata takwimu moja ya muda ambao wagonjwa wanaishi, kana kwamba wote wanaumwa kitu kimoja. Mnawatisha wengine bure na wengine mnawapa matumaini hewa.

Zamani ilikuwa hivi, inachukuliwa biopsi, yaani kinyama kidogo cha uvimbe, kinapakwa rangi, mtaalamu anaangalia kwa hadubini seli zinafanana na nini, basi uvimbe unapewa jina na daraja la ukali wake. Mpangilio huo ulitoka kwa madaktari Bailey na Cushing mwaka 1926 na kwa kweli umesaidia sana, ila kwenye glioma, yaani uvimbe unaotokana na seli zinazosaidia neva za ubongo, ulikuwa na kasoro kubwa, wataalamu wawili wanaweza kuangalia kinyama kilekile na kila mtu akaja na jina lake. 2008 watafiti wakagundua kwamba baadhi ya zilizokuwa zinaitwa glioblastoma, ile glioma kali kabisa, zina hitilafu kwenye jeni ya IDH1 (moja ya jeni za IDH), na wenye hiyo hitilafu walikuwa wanaishi muda mrefu kuliko wenzao. 2016 Shirika la Afya Duniani likaingiza jeni kwenye majina yenyewe, 2021 likakaza zaidi.

Kwa hiyo siku hizi glioma inayosambaa kwa mtu mzima, ikiwa na hitilafu ya IDH na imepoteza vipande vya kromosomu 1p na 19q kwa pamoja, hiyo ni oligodendroglioma. Ina hitilafu ya IDH ila vipande vipo, ni astrositoma. Haina hitilafu ya IDH kabisa lakini ina hitilafu kwenye jeni ya TERT, au jeni ya EGFR imeongezeka nakala nyingi, inaitwa glioblastoma daraja 4 hata kama kwenye hadubini seli zinaonekana zimetulia tu, na hapa ndipo macho peke yake yalikuwa yanadanganya watu vibaya. Kwa watoto nako medulloblastoma, uvimbe unaoota sehemu ya nyuma ya ubongo, ina makundi yake, wale wa kundi la WNT wengi wanapona, makundi mengine hali inaweza kuwa ngumu sana.

Najua kuna atakayesema vipimo vya jeni ni vya hospitali zenye hela. Sawa, ila kuna rangi maalum ya maabara inayoonyesha ile hitilafu ya IDH1 inayoitwa R132H, na hiyo peke yake inanasa kama asilimia 90 ya hitilafu za IDH kwenye glioma, haihitaji mashine ya kusoma jeni. Na kama kipimo hakijafanyika kabisa, mwongozo wenyewe wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu ripoti iseme wazi kwamba hakijafanyika, sio kubahatisha jina.

Ombi langu kwenu waandishi, ulizeni jina kamili, daraja, na kama hitilafu ya IDH ipo au haipo, ndio muweke takwimu. Halafu hizo "daraja la IV" muache, tangu 2021 zinaandikwa namba za kawaida 1 hadi 4, na hata hiyo namba inasomwa pamoja na jina lake, maana mwenye astrositoma ya daraja 4 yenye hitilafu ya IDH kwa kawaida anaishi muda mrefu kuliko mwenye glioblastoma, japo zote mbili ni 4.

Msomaji wenu