Barua ya wazi kwa Gavana wa Nyandarua: leteni mizani mashambani

Mheshimiwa Gavana,

Nakuandikia nikiwa Kinangop, nyumbani kwa mama, tumemaliza kuvuna viazi juzi.

Sensa ya 2009 ilitupata watu 596,268 katika Nyandarua. Ya 2019 ikatupata 638,289. Ni ongezeko la asilimia 7 hivi kwa miaka kumi, na katika miaka hiyohiyo Kenya nzima iliongezeka kwa takriban asilimia 23. Uzazi umepungua, nakubali. Lakini mimi nawajua niliosoma nao: wako Nairobi, Thika, Nakuru. Waliobaki shambani nawahesabu kwa vidole.

Ardhi ni sababu moja. Babu zetu walipewa mashamba baada ya uhuru, katika skimu za makazi zilizokatwa kutoka kwa ardhi ya walowezi. Baba wakagawana, sasa ni zamu ya wajukuu, na kipande kinachomfikia kijana hakimtoshi kulima na kufuga ng'ombe pia.

Sababu ya pili ndiyo inayoniuma, kwa kuwa hiyo inaweza kurekebishwa. Kanuni za viazi za 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Msimu huu dalali alifika kwa mama na magunia yake mwenyewe, akayajaza mpaka mdomoni, kisha akayashonea wavu juu na kuongeza viazi vingine. Ndilo gunia tunaloliita mukorino, kwa sababu ya kile kilemba chake, kama cha waumini wa dhehebu la Akorino. Mama akalipwa kwa gunia. Hakuna aliyepima. Alipouliza, akaambiwa lori linaondoka, na kama hataki, jirani anataka. Viazi havingoji, Mheshimiwa, na mama hana pa kuvihifadhi. Ndugu yangu mdogo alikuwa amesimama pale akitazama. Wiki iliyofuata akapanda matatu kwenda Nairobi kutafuta kazi ya mjengo.

Kila miaka mitano kaunti huandika mpango wa maendeleo, na mwanzoni huwekwa wasifu wetu: idadi ya watu, ekari, mazao. Naomba wasifu ujao uonyeshe pia umri wa wanaolima, na bei ambayo mkulima alilipwa kwa kilo, langoni mwa shamba lake. Bei ya soko la mjini haitusaidii kujijua.

Na kabla ya mpango huo kuandikwa, naomba mizani katika kila wadi, zote 25, ikae pale malori yanapopakia, pamoja na afisa mwenye mamlaka ya kuzuia lori lililobeba mukorino. Maghala ya kuhifadhi viazi yafuate, maana mkulima asiye na ghala hawezi kukataa bei.

Mama anatayarisha mbegu sasa. Viazi huchukua miezi mitatu au minne. Naomba mizani ifike kabla havijakomaa.

Wako mwaminifu,
Mwana wa mkulima, Kinangop