Barua ya wazi kwa vijana wa darasa la uchumba: msichaguane kwa hulka nne

Marahaba wanangu, maana najua shikamoo zenu ziko njiani.

Tangu ile semina ya hulka, iliyowagawa watu katika tabia nne, darasa letu limebadilika. Mkiingia mnakaa kwa makundi: masanguini (wachangamfu) dirishani wakicheka, makoleriki (wakali) mbele wakipanga viti vya wenzao, mamelankoliki (wenye huzuni) na madaftari yao, maflegmatiki (watulivu) nyuma wakingoja kuambiwa. Nilicheka, sikatai. Lakini majuzi binti mmoja kanifuata analia. Wenzake wamemshauri avunje uchumba kwa sababu yeye na mchumba wake wote ni koleriki, eti nyumba itawaka moto. Na mahari imeshapokelewa! Hapo kicheko kiliniisha.

Wengi wenu mnaamini mafundisho hayo yametoka kwenye Biblia. Yametoka kwa matabibu wa Kiyunani. Galen wa Pergamon, karne ya 2, alifundisha kwamba mwili una maji manne: damu, nyongo ya njano, nyongo nyeusi na belghamu. Aliyezidiwa na damu huchangamka, wa nyongo ya njano huwa mkali, wa nyongo nyeusi hujaa huzuni, wa belghamu hutulia. Elimu hiyo ikapita kwa matabibu Waislamu, Ibn Sina akiwa mmojawapo. Kwenye semina za Kikristo imepata nguvu juzi juzi tu, baada ya mchungaji wa Marekani, Tim LaHaye, kuiandikia kitabu mwaka 1966. Mimi nimefanya kazi ya uuguzi hadi nikastaafu. Damu nimeiona nyingi, ya wacheshi na ya wenye kununa, na sikuona tofauti.

Nanyi mnaotembea na herufi nne za kwenye simu, zile za jaribio la haiba liitwalo MBTI, msidhani mmesalimika. Isabel Briggs Myers na mama yake, Katharine Briggs, walichukua mawazo aliyoyachapisha mwanasaikolojia wa Uswisi, Carl Jung, mwaka 1921 wakaunda aina 16 za watu. Kumi na sita ni nyingi kuzikumbuka, kwa hiyo zikakusanywa katika familia nne, na hapo ndipo pa kutazama kwa makini. Myers alitumia herufi mbili za katikati, yaani namna mtu anavyopokea habari na namna anavyoamua. Mwanasaikolojia wa Marekani, David Keirsey, katika kitabu chake cha mwaka 1978, alichukua njia nyingine: wale wanaoamini zaidi kinachoonekana na kushikika aliwagawa kwa kuangalia nani anapenda mambo yaliyokwisha kupangwa na nani anapenda kuamua papo kwa papo. Basi kwa Keirsey, ISTJ na ISFJ, wanaotofautiana kwa herufi ya tatu tu, ile ya namna ya kuamua, ni ndugu wa nyumba moja. Kwa Myers, kila mmoja ana kwao. Watu ni wale wale na majibu waliyojaza ni yale yale, ila mpangaji kachagua sifa nyingine ya kupangia. Mkiniambia fulani na fulani ni wa kundi moja, nitawauliza: kwa sifa ipi, na nani kaichagua?

Halafu kuna watu wa katikati, ambao ndio wengi. Chukueni urefu wa darasa zima. Warefu mno ni wachache, wafupi mno ni wachache, waliobaki wamekaribiana. Chora mstari kwenye sentimita 165, useme juu yake ni Warefu na chini yake ni Wafupi. Mwenye 164 na mwenye 166, ambao huazimana nguo, umewatenga. Na huyu wa 166 umemweka fungu moja na wa 190. Ukimya na uchangamfu navyo viko hivyo. Ndiyo maana watu wengi wakirudia jaribio la herufi nne baada ya wiki chache hupata herufi nyingine. Hawakubadilika wao, walikuwa karibu na mstari.

Wanasaikolojia wengi wameachana na mafungu. Humpima mtu kwenye ngazi tano: hamu ya mambo mapya, bidii na utaratibu, uchangamfu, upole kwa wengine, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Kila mtu yuko mahali fulani kwenye kila ngazi. Hata hizo si neno la mwisho: zilipojaribiwa kwa Watsimane, wakulima na wawindaji wa Bolivia, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba sifa zao hazikujipanga katika tano hizo.

Najua jibu lenu. “Lakini Mama, nilisoma maelezo yale nikajiona mwenyewe!” Mwaka 1948 mwalimu wa saikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake jaribio, kisha akamgawia kila mmoja maelezo ya haiba yake. Wakaulizwa yana usahihi gani, wakayapa wastani wa zaidi ya 4 kati ya 5. Kumbe wote walikuwa wamepewa maelezo yale yale, na sentensi zake nyingi alizitoa kwenye kitabu cha nyota.

Faida nimeiona, nisiifiche. Kijana mmoja mkimya sana ameweza kumwambia mchumba wake, kwa mara ya kwanza, kwamba baada ya harusi za ukoo huwa anahitaji kukaa peke yake, wala hajakasirika. Kama majina manne yamemfungua mdomo, vyema. Ila mwingine alimfokea mchumba wake mbele za watu, nilipomwita akanijibu, “Mama, mimi ni koleriki, ndivyo nilivyo.” Huyo sikumvumilia. Wazee walisema ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Kufoka ni kitendo, na mwenye kukitenda ni wewe. Binti, ukisikia mtu anatanguliza jina la hulka yake kabla ya kuomba radhi, mwangalie mara mbili.

Kuhusu binti wa mahari: nimekaa nao wote wawili. Sikuwauliza hulka. Niliuliza fedha ikiisha tarehe 20, nani hujua kwanza na nani humficha mwenzake. Niliuliza walipogombana mara ya mwisho nani alianza kuzungumza, na baada ya siku ngapi. Nilimuuliza kijana jina la dada anayewapikia nyumbani kwao. Analijua, na anajua pia kijiji anakotoka. Nilimuuliza binti atafanya nini mama mkwe akija kukaa miezi mitatu; alifikiri kwanza ndipo akajibu, nami nikapenda kwamba alifikiri. Wana ukali wote wawili, hilo ni kweli. Wana pia namna ya kuumaliza ugomvi kabla ya kulala, na nimewaona wakifanya hivyo mbele yangu, juu ya suala la idadi ya wageni. Harusi ipo.

Jumamosi tutakaa kwa kuchanganyika, kila mtu na mchumba wake. Na ile safu ya “hulka” iliyoongezwa kwenye fomu ya uchumba, nimemwomba katibu aifute. Mahali pake kila mmoja ataandika madeni aliyonayo.

Mama mlezi wenu