Saiklokrosi: Mbio za dakika 40, kazi ya kutwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie mazungumzo ya baiskeli ambayo yamepamba moto katika nchi zetu tangu Kigali ilipokuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani mwezi Septemba 2025. Mimi ni mwendesha baiskeli wa ridhaa ninayeishi Gent, Ubelgiji, na kila majira ya baridi hushiriki saiklokrosi, yaani mbio za nyika za baiskeli. Vijana wa vilabu vya nyumbani wanaotamani kuuanzisha mchezo huu huniuliza kwanza bei ya baiskeli. Kwa maoni yangu wangeanza kwa kuuliza mshindani wa kawaida, asiye na fundi wala mdhamini, anaitumiaje siku yake ya mashindano, kwa kuwa sehemu kubwa ya siku hiyo iko nje ya mbio zenyewe, na ndiyo inayomfanya arudi Jumapili inayofuata au abaki nyumbani.

Wasomaji wanaokumbuka mashindano ya dunia ya mbio za nyika yaliyofanyika Mombasa mwaka 2007 watauelewa mchezo huu upesi. Njia ni mzunguko mfupi, wa kilomita 2.5 hadi 3.5 kwa kanuni za UCI, yaani shirikisho la kimataifa la baiskeli, unaopita kwenye majani, msitu, mchanga na miinuko mikali ambayo mara nyingine humlazimu mtu kushuka na kukimbia huku ameibeba baiskeli begani. Wanaume wa daraja la juu hushindana kwa muda wa saa moja hivi. Sisi wa ridhaa kwa kawaida hupewa dakika 40, na waamuzi hukadiria idadi ya mizunguko kwa kuangalia muda uliotumika katika ile ya mwanzo. Hapa Flanders, upande wa kaskazini wa Ubelgiji, mabingwa hukimbia mchana. Watoto na watu wa ridhaa hupangiwa asubuhi, wakati nyasi bado zina barafu.

Kwa hiyo siku huanza mapema. Mimi hula wali mweupe na mayai muda wa saa tatu kabla ya mbio, kisha sili tena kitu kizito. Begi huwa limefungwa usiku uliotangulia: glavu jozi mbili, soksi za akiba, taulo, pampu yenye kipimo, na viatu vyenye njumu ndefu za mbele kwa ajili ya miinuko ya tope. Nikifika uwanjani hujiandikisha na kuchukua namba, ambayo ni lazima ibanwe kwa pini kwenye pembe zote nne jezi ikiwa imenyooshwa, maana pembe iliyoachwa huru itanaswa na utepe wa njia au na usukani wa jirani.

Baada ya hapo huja kazi ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote, nayo ni kuikagua njia. Waandaaji huifungua kwa muda maalumu kati ya mbio moja na nyingine, na mwenye busara huutumia muda huo wote. Mzunguko wa kwanza huwa wa polepole, wa kusimama kwenye kona na kutazama wapi nyasi bado zimesimama, kwa sababu nyasi zilizosimama hulishika tairi, ilhali zile zilizokwisha kukanyagwa huteleza kama sabuni. Mara nyingi mstari mzuri uko ukingoni kabisa, kando ya utepe, mahali ambapo mtu mwenye haraka hapatazami. Mzunguko wa pili huendeshwa kwa kasi ya mashindano, ili mtu ajue ni mwinuko upi ataupanda akiwa juu ya tandiko na ni upi atashukia mapema. Tena inafaa kukumbuka kwamba njia iliyoonekana saa mbili asubuhi sivyo itakavyokuwa baada ya mamia ya magurudumu kupita juu yake.

Katika ukaguzi huohuo ndipo upepo wa tairi hupimwa. Mtu wa kilo 70 kwenye matope huendesha kwa psi (kipimo cha mgandamizo wa hewa) 22 hadi 26 hivi, kiasi ambacho ni kama theluthi moja ya upepo wa baiskeli ya barabarani. Ukilibonyeza tairi kwa kidole gumba linabonyea waziwazi, na mgeni atadhani lina pancha. Likijazwa zaidi, baiskeli inarukaruka na kuteleza kwenye kila kona. Likipunguzwa mno, ringi inagonga mzizi na mbio zimekwisha. Nimewaona watu wenye baiskeli za gharama kubwa wakipitwa na wanafunzi wenye baiskeli kuukuu, na tofauti ilikuwa ni psi chache tu pamoja na subira ya kurudi kwenye pampu mara mbili au tatu.

Kupasha misuli joto huchukua dakika 20 hivi juu ya rola, yaani kifaa cha kukanyagia baiskeli papo hapo bila kusonga, miguu ikiwa imepakwa mafuta ya kuchua yanayowasha kama pilipili. Kisha ni kupanga mstari. Wenye pointi husimama mbele, wengine nyuma, na filimbi ikilia kila mmoja hukanyaga kwa nguvu zote kuelekea kona ya kwanza, kwa sababu baada ya hapo njia ni nyembamba na kupita ni taabu. Kuhusu mbio zenyewe sina mengi ya kusema: ni kuhema, kushuka, kukimbia na kupanda tena hadi kengele ya mzunguko wa mwisho. Vizuizi vya mbao, vyenye urefu usiozidi sentimita 40, Sven Nys, bingwa wa zamani wa Ubelgiji, alizoea kuviruka bila kushuka, kwani alikuwa amekulia kwenye BMX, baiskeli ndogo za kurukia vilima. Wengi wetu tunashuka, na hakuna anayecheka.

Mbio zikiisha mwili hupoa ghafla, hivyo nguo kavu huvaliwa kabla ya salamu. Halafu kuna foleni ya mpira wa maji wa kuoshea baiskeli, ambako mtu husubiri huku tope likimkaukia usoni, na jioni nyumbani mnyororo hukaushwa na kutiwa mafuta la sivyo utaamka na kutu.

Ndiyo maana nasema anayetaka kuandaa mbio hizi kwetu afikirie kwanza saa hizo za pembeni. Aifungue njia kwa muda wa kutosha, aweke pampu yenye kipimo mahali pa wazi, na amwache wa mwisho amalize. Kanuni ya kuwaondoa wanaokaribia kupitwa na kiongozi ina maana kwa mabingwa, lakini kwa watu wa ridhaa ni kuwanyima kile walichokilipia. Kuhusu maji, sioni haki kuosha baiskeli kwa maji ya bomba katika mtaa ambao kina mama wanapanga ndoo foleni, wala hakuna ulazima wa kukimbia kwenye matope. Koksijde, mji wa pwani hapa Ubelgiji, umejipatia sifa katika mchezo huu kwa vilima vyake vya mchanga, na mchanga hukung'utwa kwa brashi. Mbio hizo zinaweza kupangwa wakati wa kiangazi, popote pwani yetu penye eneo la wazi.

Na kwa wale wanaouliza bei: baiskeli ya kawaida ya milimani, yenye breki nzima na tairi nene, inatosha kwa mwaka wa kwanza. Kanuni ya UCI ya tairi lisilozidi upana wa milimita 33 iachiwe mashindano yanayosimamiwa na UCI.

Msomaji wako,
Gent, Ubelgiji