Kamkoba ka moto

Kwako ndugu yangu Hamisi,

Mzima wewe? Shem na watoto hawajambo? Mi nipo, baridi ya London tu ndo inanipiga. Jumamosi nlienda Portobello Road, kule wanakouza vitu vya kale, nikakutana na kitu nikasema hiki Hamisi angekiona asingelala.

Ni kamkoba ka ngozi ka kuwashia moto, kama pochi ya hela, ka Tibet, wenyewe wanakaita mechag, me ni moto na chag ni chuma. Watu walikuwa wanakaning'iniza kiunoni, ndani jiwe la gumegume na nyuzi kavu za mimea za kushikia moto, na kule chini ukingoni kuna ubapa mnene wa feleji, kile chuma kigumu cha kugongea jiwe, umepinda kama mwezi mchanga. Juu sasa, aisee, ndo kazi yenu masonara, bati la fedha limegongwa kwa nyuma hadi maua na mawingu yakatokeza mbele, katikati jiwe la feruzi, pembeni marijani mbili nyekunduuu.

Mzee muuzaji ananisifia fedha tu, mi nikakageuza nikaangalia ubapa. Umelika! Katikati umeingia ndani, huku na huku bado mnene, yaani kuna mtu kapigia moto miaka na miaka. Hapo ndo nlipokapenda. Unakumbuka tulivyobishana mi nikasema cheche zinatoka kwenye jiwe? Ulinishinda bwana, ni chuma, jiwe linakwangua tu, vile vichembe vinapata moto wa msuguano vinaungua hewani. Ndo maana feleji lazima ichomwe iive halafu izamishwe ghafla, ikibaki laini utapiga mpaka kesho.

Na kiberiti cha kukwaruza kimeanza kuuzwa 1827 tu, John Walker, mwuza dawa wa Stockton hapa Uingereza, kwa hiyo kabla ya hapo bila kamkoba hako hunywi chai. Bibi alikuwa anatusimulia habari za ulindi na uwimbombo, kile kijiti na kibao chake cha kuwashia moto, unapekecha mpaka viganja vinatoa malengelenge, mwenzetu wa Tibet anapiga mara mbili tatu kamaliza, halafu bado kapendeza!

Bei usiniulize, nimekarudisha mezani kwa adabu. Ila picha nimekuwekea humu kwenye bahasha, angalia ile ya tatu, kwenye kona fedha imekamata ngozi na sioni msumari wala gundi. Wamefanyaje pale? Nijibu upesi, maana yule mzee anakuwepo kila Jumamosi na mi nitarudi kumsumbua.

Wako,
Seif