Wateja maalumu wa benki nao waonyeshwe njia ya kulalamika

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie jambo ambalo watu wa Lamu hulinong'ona barazani lakini hawaliandiki. Mteja ambaye benki imemwita maalumu, akapewa afisa wake peke yake, hupata tabu zaidi kulalamika kuliko yule anayepanga foleni na kitabu chake mkononi.

Huenda msomaji akadhani nawatetea matajiri. Hapa kwetu wengi waliingia kundi hili kwa sababu nyumba ya urithi ya Mkomani iliuzwa na ndugu wakagawana, au shamba la Kililana lilichukuliwa kwa ajili ya bandari na fidia ikalipwa. Mtu aliyekuwa na akaunti ya kawaida miaka yote anapigiwa simu, anaambiwa sasa ana wa kumhudumia yeye tu, na akifika Mombasa kuna chumba chenye makochi na kahawa. Wajane wamo humo. Wazee wasiosoma Kiingereza wamo. Mayatima ambao fungu lao limeshikwa na wajomba nao wamo.

Nami ni mmoja wao. Afisa wangu alikuwa kijana mwenye adabu sana. Kila akija Lamu hupita nyumbani, tukala, akaniuliza hali za wajukuu mmoja mmoja kwa jina. Mwenyewe akiniita Mama. Nikitaka kuhamisha pesa nampigia yeye, nikitaka taarifa ya akaunti naletewa na yeye. Mambo yakienda sawa ni raha tupu. Yakiharibika, wa kupokea malalamiko yako ndiye huyo huyo unayemlalamikia, nawe umekula naye sahani moja. Muhali unakushika. Unaona haya kumpeleka mtoto wa watu kwa wakubwa wake.

Pesa zetu, zangu na za ndugu zangu wawili, tuliagiza ziwekwe katika dirisha la Kiislamu la benki hiyo, yaani kitengo chake kisicho na riba, kwa mudharaba, yaani mkataba wa kugawana faida ya biashara, kwa muda wa mwaka mmoja. Fomu niliitia sahihi hapa dakani kwangu na nakala ninayo. Mwaka ulipomalizika, benki ikazihamishia katika amana ya kawaida ya muda maalumu bila kutuuliza. Niliyajua hayo nilipokuwa nikipitia taarifa ya akaunti kwa rula, mstari baada ya mstari, kama ninavyofanya siku zote. Nikafika mstari mmoja ulioandikwa riba na kiasi chake kando.

Yuko ambaye angeona ni faida imeingia, akashukuru. Kwangu mimi ile ni pesa ambayo siwezi kuinunulia hata kibaba cha unga, na juu ya hayo ndugu zangu walikuwa wameniamini na fungu lao. Nilitakiwa kuwaeleza, na sikuwa na la kuwaeleza.

Nikamwandikia afisa kwa WhatsApp. Akajibu, "Nashughulikia, Mama." Juma la pili jibu likawa hilo hilo, na la tatu pia. Simtuhumu uongo, naamini alikuwa akihangaika kweli. Kisha akahamishwa. Aliyeshika nafasi yake, naye mwenye adabu vilevile, akafungua kompyuta yake, akatazama, akaniambia kwamba kwenye mfumo wao hakuna lalamiko lolote kwa jina langu. Yote niliyoyasema yalikuwa yamebaki ndani ya simu ya mtu ambaye sasa yuko tawi jingine.

Hili ndilo ninalotaka wenzangu walishike. Lalamiko lisilo na nambari benki haina habari nalo, hata kama umelia mbele ya afisa wako naye akalia pamoja nawe. Urafiki na uendelee, chakula na aendelee kupewa, lakini malalamiko yaende kwa barua.

Barua yenyewe haihitaji wakili. Inataka nambari ya akaunti, tarehe, kiasi, uliloagiza, lililotendeka, na unalotaka lifanyike. Hili la mwisho watu hulisahau, na ndilo lenye uzito. Ukiandika "nifanyieni haki", benki itakujibu kwa maneno matamu na kukushukuru kwa kuwa mteja wao. Mimi niliandika kwamba pesa zirudishwe kwenye mudharaba kuanzia tarehe ule mwaka ulipoisha, nilipwe faida iliyonipita, na riba iondolewe katika akaunti yangu. Mambo matatu, kila moja na mstari wake, kwa hiyo ilibidi wayajibu moja moja.

Nikaipeleka tawini kwa mkono, nakala mbili. Msichana wa kaunta alikataa kunigongea muhuri, akasema wateja wa kundi langu huhudumiwa Mombasa. Nikamwambia sihitaji kuhudumiwa, nahitaji muhuri na tarehe, kisha nikakaa kwenye benchi. Watu waliingia na kutoka. Hatimaye meneja akatoka ofisini kwake, akaisoma barua akiwa amesimama, akairudia kuisoma ukurasa wa pili, akachukua muhuri mwenyewe na kugonga nakala zote mbili. Hakunigombeza wala mimi sikumgombeza. Ile nakala yenye muhuri ndiyo iliyobadilisha mazungumzo yote yaliyofuata.

Ukishapata muhuri, dai nambari ya lalamiko, na sema waziwazi kwamba afisa wa akaunti yako asiwe ndiye wa kulichunguza. Kama tawi halikujibu, panda hadi kitengo cha malalamiko cha makao makuu ukitaja nambari ile ile. Usianzishe lalamiko jipya, maana siku zitahesabiwa upya. Na wenye pesa katika dirisha la Kiislamu wana mlango mwingine wa ziada, nao ni bodi ya masheikh wanaosimamia dirisha hilo. Mwanangu wa kike aliwatumia nakala kwa baruapepe. Nadhani nakala ile ndiyo iliyoharakisha mambo, kwa sababu benki inaweza kumchelewesha mteja lakini haitaki kuulizwa na masheikh wake yenyewe riba iliingiaje kwenye pesa za mudharaba.

Jibu la kwanza la makao makuu lilidai kwamba nilikubali mabadiliko kwa simu. Mimi? Nikawaandikia kuomba sauti ya mazungumzo hayo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa kila mtu haki ya kupata taarifa zake zilizo mikononi mwa taasisi, na sauti yangu ikirekodiwa ni taarifa yangu. Sauti haikuletwa. Barua iliyofuata haikuitaja simu hata kidogo. Ilisema kwamba maagizo yangu yalikuwepo na hayakufuatwa, pesa zimerudishwa kwenye mudharaba, na faida iliyonipita italipwa. Ililipwa. Riba nayo iliondolewa ikaenda kwenye sadaka kwa namna bodi ya masheikh ilivyoelekeza. Ndugu zangu niliwasomea barua ile kwa sauti, na hapo ndipo moyo wangu ulipotulia.

Limebaki moja. Walipoivunja ile amana ambayo hatukuiomba, walitukata ada ya kuivunja kabla ya muda. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki kinazuia benki kuongeza ada zake bila idhini ya waziri wa fedha. Kwa hiyo niliwaandikia wanionyeshe ada hii katika orodha iliyoidhinishwa, na wanieleze mteja analipishwaje kwa kurekebishwa kosa lisilo lake. Hawajajibu. Jambo hilo sasa liko Benki Kuu.

Kuhusu Benki Kuu, watu wanaidhania mambo mawili, yote si sawa. Wapo wanaoona ni ya wakubwa, mtu wa Lamu hawezi kuiandikia. Inaandikiwa kama ofisi nyingine, kwa S.L.P. 60000-00200, Nairobi. Ni yenyewe iliyotoa mwongozo wa mwaka 2013 wa kuwalinda wateja, unaozitaka benki ziwe na utaratibu wa kupokea na kushughulikia malalamiko. Wengine nao huiendea mara tu wanapokasirika. Lazima uwe umeanza na benki yako, uambatanishe barua yenye muhuri na majibu uliyopewa, ama ukosefu wa majibu. Na tujue mpaka wake. Inasimamia benki, inaweza kuiuliza na kuibana, lakini si mahakama ya kuketi na kupima fidia ya kila mteja.

Mahakama ipo kwa asiyeridhika. Ile ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Sheria inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Mteja maalumu asidhani haimhusu kwa kuwa akaunti yake ni kubwa. Kinachopimwa ni kiasi mnachogombania, na ada kama hii yangu inaingia humo vizuri. Kwa madai ya mkataba kwa jumla, muda wa kushtaki ni miaka 6 tangu haki ilipovunjwa. Kwa hiyo anayengoja afisa wake arudi likizoni ajue saa inakwenda.

Sasa niseme lililonitia uchungu. Yuko mzee Mwingereza mwenye nyumba Shela, ambaye namwangalizia nyumba yake akiwa kwao. Naye ana benki ya wateja binafsi huko London, ya afisa mmoja na chumba cha makochi kama zetu. Alipokuwa na mgogoro nayo, alinionyesha karatasi waliyompa. Ukurasa mmoja tu. Imeandikwa nani wa kumwandikia kwanza. Imeandikwa kwamba benki ina majuma 8 ya kutoa jibu la mwisho kwa maandishi. Asiporidhika, au majuma hayo yakipita kimya, anaweza kwenda kwa mwamuzi huru wa masuala ya fedha bila kulipa chochote, na akishapewa jibu la mwisho ana miezi 6 ya kufanya hivyo. Mwamuzi akitoa uamuzi na mteja akaukubali, benki imefungwa nao. Afisa wake hakuona ni matusi kumpa karatasi ile. Ni kazi yake.

Sisi mwamuzi wa namna hiyo kwa benki hatuna. Mwaka 2018 Hazina ya Taifa ilitoa rasimu ya mswada kuhusu mwenendo wa masoko ya fedha, na ndani yake kulikuwa na pendekezo la mwamuzi wa sekta ya fedha. Rasimu ile haikuwa sheria. Naomba wabunge wetu wa Pwani waulize ilikwama wapi. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji wa huduma haki ya kupewa habari anazohitaji na haki ya kufidiwa akipata hasara. Bila mtu wa kuitekeleza haki hiyo kwa gharama ambayo mjane wa Lamu anaiweza, inabaki kwenye kitabu.

Benki zenyewe hazina haja ya kungojea Bunge. Siku mteja anapotiwa katika kundi hili, apewe ukurasa wake mmoja, kwa Kiswahili, wenye cheo cha wa kumwandikia kila hatua na siku za kujibiwa. Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii kwa Ibara ya 7, na mikataba tunayotiliwa mbele ni ya Kiingereza kurasa kwa kurasa. Na afisa anayepokea lalamiko kwa WhatsApp au akiwa amekaa dakani kwa mtu, aamrishwe aliandikishe siku hiyo hiyo na mteja atumiwe nambari kwenye simu. Hivyo akihamishwa, lalamiko litabaki benki.

Tangu habari hii ienee mtaani, jamaa kadhaa wa Kililana na Langoni wamenijia na taarifa zao za akaunti mikononi, wengine na mistari wasiyoielewa. Barua niliyoipeleka benki nimeitoa nakala, nikafuta nambari za akaunti. Yeyote anayetaka kuifuata aje nyumbani baada ya alasiri, wanawake kwa wanaume, nimsomee na mwanawe amwandikie.

Mmiliki wa nyumba za wageni,
Mkomani, Lamu